Anaponyamaza Mtafsiri

Filamu mpya ikitangazwa, watu huuliza steringi ni nani, inaingia lini Mlimani City, tiketi shilingi ngapi. Mimi huongeza swali moja ambalo wenzangu hulicheka: hii nani ataitafsiri? Sisemi habari ya maandishi yanayopita chini ya skrini. Nasema habari ya yule mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayeichukua filamu ya saa mbili akaisema yote peke yake, steringi yeye, adui yeye, mama mkwe yeye, polisi yeye, na mbwa akibweka anamsemea pia. Tanzania tunamwita mtafsiri au DJ, Wakenya humwita DJ, Waganda VJ. Jina lake huandikwa kwenye kasha kwa herufi zinazoshindana na za Tom Cruise, na dukani wapo wateja wasiotaja filamu kabisa. Wanauliza kama kuna mpya ya fulani.

Nimewasikiliza watu hawa tangu enzi za kanda za VHS, kwenye mabanda ya video yenye mabenchi ya mbao na jenereta inayounguruma nje, mpaka leo ambapo kijana ndani ya daladala huwasikiliza kwenye simu iliyo mfukoni, skrini wala haitazami. Kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoacha kuwapima kwa usahihi wa Kiingereza chao. Kazi yao ni kumwingiza mtu katika filamu ambayo lugha yake haijui, na kumbakiza humo asitoke mpaka mwisho. Kipimo changu kimebaki kimoja: nasikiliza ananyamaza wapi.

Tuanze na mkono, maana wengi hudhani kazi hii ni ya mdomo. Zamani ilifanywa papo hapo, mbele ya watu. Deki, televisheni, amplifaya, kipaza sauti, na mkono mmoja juu ya kitufe cha sauti. Wahusika wakizungumza, mtafsiri anaishusha sauti ya filamu na kupandisha ya kwake. Risasi zikianza kulia, anajiondoa na kuiachia filamu. Akichelewa nusu sekunde kushusha, neno lake la kwanza linamezwa. Akichelewa kupandisha, mlipuko uliongojwa kwa dakika kumi unapita kama kikohozi. Baadaye zikaunganishwa deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na kanda ikaweza kufika Kigoma bila mwenyewe kupanda treni. Sasa ni kompyuta na programu ya kuhariri sauti. Hata hivyo ukisikiliza vizuri utautambua mkono uleule. Yupo anayeshusha sauti ya filamu mara moja mwanzoni akaiacha chini mpaka majina ya mwisho yapite, na yupo anayeishusha na kuipandisha kwa kila sentensi. Wa kwanza anasoma. Wa pili anacheza na filamu.

Jambo ambalo wageni hulishangaa ni kwamba sauti ya asili haifutwi. Denzel Washington unamsikia kwa chini, mkwaruzo wake wa koo upo, hasira yake ipo, kisha Kiswahili kinafuata nyuma yake kidogo au kinampanda juu. Mtazamaji anapata vitu viwili kwa pamoja, sauti ya mwigizaji kwa ajili ya hisia na sauti ya mtafsiri kwa ajili ya maana. Ndiyo sababu fundi mzuri hahangaiki kuigiza. Hisia zimeshaigizwa na mtu aliyelipwa mamilioni ya dola. Wale wanaobana pua kila mwanamke anapofungua kinywa, au wanaokoroma kila adui anapoingia, wanarudia kazi iliyokwisha kufanywa, tena wanairudia vibaya. Hodari hubadilisha mwendo tu. Mzee anamsemea taratibu, mbabaishaji anamsemea kwa haraka, askari kwa sentensi fupi. Baada ya dakika kumi unajua ni nani anayesema bila kutazama, na ndiyo maana yule kijana wa daladala anaweza kuacha simu mfukoni.

Kabla ya kurekodi, mtafsiri huwa ameitazama filamu peke yake, na kazi kubwa anayoifanya wakati huo ni ya majina. Filamu ya kijasusi inaweza kuwa na watu kumi na watano wenye majina ya Kirusi, wote wamevaa makoti meusi. Msikilizaji hatayakumbuka, na hana sababu ya kuyakumbuka. Kwa hiyo mmoja anaitwa Kipara, mwingine Mzee wa Fimbo, mwingine Shemeji, kwa kuwa ameoa dada wa steringi. Watu husema huo ni uchekeshaji, na kicheko kweli kipo, lakini hapo umetengenezwa mpangilio: jina linabeba alama ya kumtambua mtu au nafasi yake katika kisa. Shemeji akija kusaliti, usaliti umeshakolea kabla hajafanya lolote, kwa sababu jina lake lilikuwa limekuahidi undugu tangu mwanzo.

Baada ya majina kunafuata kukata. Mabishano ya mawakili wa Kimarekani ya dakika nne, yaliyojaa vifungu vya sheria, mtafsiri anaweza kuyamaliza kwa sentensi moja: wanagombania kama ushahidi upokelewe. Kisha anatumia dakika tatu zilizobaki kukukumbusha yule shahidi aliyekaa nyuma ni nani na tulimwona wapi. Mtaalamu wa lugha angemfelisha kwenye mtihani. Mimi ningempa alama zote, kwa sababu amejua nini kinamhusu mtu aliyekaa Mbagala na nini hakimhusu.

Tena mara nyingine humtaja msaliti kabla filamu haijamfichua. Walioenda shule za filamu hulalamika hapa kuliko mahali pengine popote: amemaliza utamu! Sikubaliani nao moja kwa moja. Alfred Hitchcock alipohojiwa na François Truffaut, mazungumzo yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966, alieleza tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza. Bomu likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache. Wakijua tangu awali kuwa bomu lipo, na walioketi mezani hawajui, watakaa roho juu kwa dakika kumi na tano. Mtafsiri anayesema mapema kwamba huyu anayecheka na steringi ndiye aliyemuua kaka yake amefanya alichokisifu Hitchcock, na nina hakika hakukisoma popote. Amekitoa kwa bibi. Msimulizi wa hadithi zetu hakuwahi kutegemea kwamba wasikilizaji hawajui mwisho. Walikuwa wameisikia hadithi ileile wiki iliyopita, na wakaitikia pakawa kwa sauti ileile.

Historia ya sauti hii ni ndefu kuliko video. Mwaka 1935, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ukiendeshwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Walipiga filamu zisizo na sauti, maelezo wakayarekodi kwenye santuri kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na lugha nyingine, kisha wakazungusha gari la sinema Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na mradi ukaisha mwaka 1937. Filamu zilihusu kilimo, afya, na faida ya kuweka akiba posta badala ya kuzika pesa chini. Jambo linalonivutia mimi ni santuri yenyewe. Santuri haiwezi kungoja kicheko kiishe. Haiwezi kuona kwamba kundi la nyuma limepotea, ikarudi kuwaeleza. Kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939 kilitegemea zaidi mtu hai: gari linafika kijijini, turubai jeupe linatundikwa, na msemaji anashika kipaza sauti kueleza kwa lugha ya pale.

Kitengo hicho kilikuwa na imani moja ambayo leo inachekesha. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe filamu za polepole, picha ndefu, bila ujanja wa kukata na kuunganisha, kwa kuwa eti hangeweza kufuata. Ningependa angekaa jioni moja tu Manzese, katikati ya filamu ya kung fu ya Hong Kong yenye mikato mitatu kwa sekunde, mtafsiri akiifuata bila kupumua na watoto wa darasa la nne wakimsahihisha pale aliporuka teke.

Nje ya bara letu, waliofika mbali zaidi katika kazi hii ni Wajapani. Wakati wa filamu bubu kila ukumbi wa Japani ulikuwa na msimulizi wake, benshi, aliyesimama pembeni ya skrini na kusemea wahusika wote. Walikuwa maelfu, wakubwa wao wakilipwa na kutangazwa kama nyota. Filamu zenye sauti zilipoingia miaka ya 1930, kazi ikafa mikononi mwao. Kaka wa mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Alishiriki kuongoza mgomo wa wenzake, na mwaka 1933 akajiua. Huko sauti ya filamu ilimuua msimulizi. Kwetu sauti ya filamu, kwa kuwa ni ya Kiingereza, Kihindi au Kichina, ndiyo iliyomzaa.

Waganda walitutangulia. Mabanda ya Kampala yalikuwa na VJ wao wa Kiganda, na mtindo huo ukavuka mpaka. Dar es Salaam jina lililofungua njia ni Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye kanda zake zilienea nchi nzima. Baada yake wakaja wengi, DJ Murphy akiwa miongoni mwao. Kenya anayejulikana kuliko wote ni DJ Afro, na Kiswahili chake ni cha mtaani kabisa, kinachokimbia, kinachochanganya, kisichoomba radhi kwa mwalimu yeyote wa sarufi. Dunia ya nje ilikuja kuisikia sauti ya aina hii kupitia Wakaliga, Kampala, pale filamu ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilipoenea mitandaoni. Toleo linalotazamwa leo ndilo lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akicheka, akitania wapiganaji, akiisifu filamu wakati inaendelea. Mtu aliye Ulaya ambaye hajawahi kuingia bandani anaifahamu filamu hiyo kwa sauti ya VJ kwanza, na sidhani kama angeipenda bila yeye. Wakenya nao walimpa DJ wa bandani nafasi ndani ya kisa chenyewe, katika Supa Modo ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018. Itafute kama hukuiona.

Sasa, filamu mpya. Kwa kuwa nimezoea kuzisikiliza kwa sikio la mtafsiri, hata nikiwa kwenye kiti cha kuegemea na kiyoyozi, huwa nazihukumu kwa namna ambayo mhakiki wa gazeti hangezihukumu.

Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025, ni filamu ya mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni Michael B. Jordan anayecheza mapacha, Smoke na Stack, katika mji wa Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Sura moja, watu wawili, majina yanayokaribiana kwa sikio la Mswahili. Coogler amesaidia: mmoja huvaa bluu, mwingine nyekundu. Mtafsiri mwenye akili atazishika rangi hizo na kuzifanya majina kabla hata hawajashuka garini. Mtego wa pili ni lafudhi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, iliyowashinda hata wenzetu waliosoma Kiingereza chuo kikuu. Wa tatu ndio unaopima uzito wa mtu. Kijana Sammie, anayechezwa na Miles Caton, anapiga gitaa na kuimba usiku ukumbini, na ghafla wanaingia watu wa nyakati zote: wapiga ngoma wa Afrika ya kale, mpiga gitaa la umeme wa miaka iliyokuwa bado kuja, DJ na santuri zake, wachezaji wa opera ya Kichina. Kamera haisimami. Mtafsiri mbabaishaji atamtaja kila anayeingia, kama mshereheshaji anayetambulisha meza kuu. Filamu ilishasema mwanzoni kabisa kwamba wapo wanamuziki wanaoweza kutoboa pazia lililo kati ya walio hai na waliokufa. Hodari atakumbusha hilo kwa sentensi moja kabla ya wimbo, halafu atazima kipaza sauti na kukaa kimya mpaka mwisho. Ningelipa kiingilio mara mbili kusikia ukimya huo.

Mission: Impossible – The Final Reckoning, ya Mei mwaka huohuo, mimi kwenye ukumbi ilinichosha. Saa ya kwanza ni watu waliosimama wakielezana mpango, wakikumbushana filamu zilizopita, wakimwambia Ethan Hunt kwamba ni yeye peke yake. Nilikuwa nawaza: mtafsiri angeimaliza hii kwa dakika sita, na asingepoteza kitu. Kisha linakuja lile tukio la nyambizi iliyozama, Tom Cruise peke yake ndani ya chuma kinachobingirika, karibu hakuna neno linalosemwa kwa muda mrefu. Hapo filamu imejitafsiri. Akisema mtu yeyote, kwa lugha yoyote, ameharibu.

F1 ya Joseph Kosinski ilinifanya nicheke peke yangu. Hollywood ina magari halisi, viwanja halisi, Brad Pitt halisi, lakini iliona watazamaji wasiojua mbio hizo wangepotea. Ikafanya nini? Ikaweka watangazaji. David Croft na Martin Brundle, wanaotangaza mbio hizo kwenye televisheni ya Uingereza, wanasikika wakieleza nani yuko mbele, nani ameingia kubadilisha matairi, kwa nini hilo ni hatari. Yaani filamu ya gharama kubwa vile imekuja na DJ wake ndani ya boksi. Kwetu tuliokua na redio, tukiona mpira kwa masikio kupitia kwa Charles Hilary au Leonard Mambo Mbotela, hilo halikuwa jambo geni hata kidogo.

One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson, ya Septemba 2025, ina tukio moja lililotengenezwa kwa ajili ya bandani. Leonardo DiCaprio, mwanamapinduzi mstaafu aliyeharibiwa na bangi, anapiga simu kuomba msaada na amesahau nywila. Aliye upande wa pili anafuata utaratibu, hamjali. Huyu anabembeleza, anatukana, anabembeleza tena. Kila mtu aliyewahi kuongea na huduma kwa wateja amekuwa hapo, na mtafsiri anayewajua watu wake ataliacha lirefuke, hatalikata hata neno.

Avatar: Fire and Ash nitaitaja kwa ufupi, kwa sababu ni filamu ya macho zaidi. Inanifurahisha tu kwamba James Cameron alitengenezewa lugha nzima ya Kina'vi, na mtafsiri wetu ataipita bila kupunguza mwendo. Kwake Kina'vi na Kiingereza viko mbali na Mbagala kwa umbali uleule.

Ninayoingoja kwa hamu kubwa ni The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa kutoka Julai 17, 2026, Matt Damon akiwa Odysseus. Habari zake zinazungumzia kamera, kwamba yote imepigwa kwa filamu ya IMAX na kwamba tiketi za kumbi kadhaa ziliuzwa mwaka mzima kabla. Mimi nafikiria kitu kingine. Kisa hicho kilitungwa kiimbwe mbele ya watu. Ndani yake yumo mwimbaji kipofu, Demodokos, anayesimulia vita vya Troya wakati Odysseus mwenyewe amekaa hapo anasikiliza na kulia. Na safari zake mashuhuri, jitu la jicho moja, mchawi Kirke, viumbe vya baharini vinavyonasa mabaharia kwa wimbo, Odysseus anazisimulia mwenyewe, usiku, mezani kwa wenyeji wake. Nolan ana tabia ya kumwaga muziki juu ya maneno mpaka mtu wa Kiingereza chake mwenyewe haelewi. Waliotazama Tenet mwaka 2020 wanajua ninachosema. Sijui filamu nyingine kubwa ya miaka hii inayomhitaji mtafsiri kuliko hiyo, wala mtafsiri anayeistahili kuliko mtu aliyelelewa na tenzi za pwani, ambako vita na safari za mbali vimesimuliwa kwa beti tangu enzi za Utenzi wa Tambuka.

Sitaki kuonekana kwamba kila anayeshika kipaza sauti namsifu. Wengi ni wabovu. Wapo wanaotangaza duka lao na namba ya simu wakati mama anamzika mwanawe. Wapo ambao kila mwanamke kwenye filamu ni malaya mpaka athibitishwe vinginevyo, na hilo limekuwa mazoea kiasi kwamba wasikilizaji hawashtuki tena, jambo lililo baya zaidi. Wapo wanaoogopa kimya kama giza, wanaojaza kila sekunde kwa "eeh" na "sasa basi" na kucheka vichekesho vyao wenyewe. Na wapo wavivu, wasioitazama filamu kabla, unawasikia wakishangaa pamoja nawe.

Kuna pia suala la sheria, ambalo mashabiki tunapenda kulizunguka. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri, na karibu kila kilichonifurahisha katika makala haya kilitengenezwa bila ruhusa ya mtu yeyote. Mtafsiri halipi, mwenye duka halipi, mwenye banda halipi. Upande wa pili naye mtafsiri halindwi: sauti yake inanakiliwa usiku mmoja na kuuzwa mtaa wa pili, na hana pa kushtaki kwa sababu naye alianza kwa kuchukua.

Njia ya halali tumeiona. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili zilizorekodiwa studio, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. StarTimes ikaja kushindanisha vijana wetu na kuwapeleka Beijing kuingiza sauti. Azam nao wakatuletea masultani wa Kituruki wanaosema Kiswahili sanifu. Ni kazi safi, watu wamelipwa, na naitazama. Lakini pale sauti ya asili imefutwa, kila mhusika ana mwigizaji wake, na Kiswahili kimepigwa pasi. Hakuna aliyekaa upande wangu wa skrini. Kwa tamthilia ya jioni inanitosha. Kwa filamu ya mapigano ya usiku wa Jumamosi hainitoshi, na mauzo ya watafsiri yanaonyesha kwamba siko peke yangu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye kumbi za sinema Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, na kwa kampuni zinazowaletea filamu. Viti vyenu Jumanne mchana vinakaa wazi. Ombeni kibali kwa mwenye filamu, lipeni kinachostahili, mchukueni mtafsiri mmoja mwenye jina, mpeni kipaza sauti, kitufe cha sauti na kiti pembeni ya skrini, na muandike jina lake kwenye bango. Anzeni na The Odyssey. Bei iwe ile anayoweza kuimudu mtu aliyezoea bandani. Na wewe msomaji, kabla siku hiyo haijafika, wikiendi hii sikiliza watafsiri wawili wa filamu moja ileile, mmoja baada ya mwingine, na uangalie ni yupi anayejua kunyamaza. Huyo ndiye wa kumtafuta tena.